Nilianza na watu 43 kwenye grupu la kupunguza mwili, wiki ya 12 tumebaki 7. Hawa 36 wameenda wapi?

#1 Kocha wa Alfajiri
Wakuu salaam. Mimi ni mwalimu wa mazoezi hapa Dar, naendesha programu ya wiki 12 ya kupunguza mwili. Mtu analipa, anapewa ratiba ya chakula, anaingizwa kwenye grupu la wasap, kila Jumatatu asubuhi kabla hajagusa hata maji anapanda mizani anapiga picha anatuma grupuni. Jumamosi saa kumi na mbili kamili asubuhi tunakutana Coco tunakimbia tunavuka daraja la Tanzanite mpaka upande wa Aga Khan tunageuza.
Awamu hii walianza 43. Wiki ya kwanza grupu linawaka moto, picha za saladi, picha za raba mpya, watu wanaamshana. Wiki ya 4 kimya kimeingia. Wiki ya 12 tumebaki 7. Na hela walilipa wenyewe!! Mimi naona ni uvivu na kukosa nia, kama kuna sababu nyingine niambieni.

#2 Mangi Mzito
Nimewahi siti ya mbele. Nina kilo 118 na nimeacha programu 4 tofauti kwa hiyo naongea kama mtaalamu. Kocha, sio uvivu. Mimi wiki mbili za kwanza nilishuka kilo 4, nikatangaza mpaka kazini, nikampa shemeji suruali zangu zote kubwa. Wiki ya 3 mizani haijasogea. Wiki ya 4 haijasogea. Nakula majani kama mbuzi na mizani imegoma, wiki ya 5 nikamfuata shemeji kudai suruali zangu.

#3 Binti Makorora
@Mangi Mzito hahaha alirudisha?

#4 Mangi Mzito
Mbili kati ya tano. Nyingine alishazipunguza kwa fundi.

#5 Konda Mstaafu
Kocha swali dogo, hao watu wako wanaishi wapi? Mimi kazi yangu Kariakoo, nakaa Chamazi. Naamka saa kumi alfajiri ili niwahi gari, narudi nyumbani saa tatu usiku nimesimama njia nzima nimeshikilia bomba. Sasa huyo mtu unamwambia aende Coco Jumamosi kukimbia, nauli ya kwenda, nauli ya kurudi, na Jumamosi ndio siku pekee ya kufua. Nilijiunga jimu moja nikalipa miezi mitatu nikaenda mara 5. Nikipiga hesabu kila siku niliyoenda imenigharimu kama mbuzi choma nusu kilo.

#6 Binti Makorora
Kaka na wewe hilo jina ni la daladala au ulikonda ukastaafu?

#7 Konda Mstaafu
Yote mawili dada yangu 😂

#8 Daktari wa Zamu
Nimjibu Mangi #2. Zile kilo 4 za mwanzo sehemu kubwa ilikuwa maji. Mwili una akiba ya sukari kwenye ini na misuli inaitwa glaikojeni, na kila gramu moja imeshikana na maji kama gramu 3 hivi. Ukikata ugali na wali ghafla ile akiba inatumika, maji yake yanatoka na mkojo, unaona kilo zinaporomoka. Mafuta yenyewe yanatoka polepole sana. Kwa hiyo wiki ya 3 mizani haijagoma mkuu, ndio imeanza kusema ukweli. Tatizo hakuna anayemwambia mtu hivi siku anapolipa, kwa sababu tangazo la "kilo 4 wiki mbili" ndilo linaleta wateja.

#9 Kocha wa Alfajiri
Dokta tangazo langu halikuandika kilo 4.

#10 Kiazi Kitamu
Liliandika ngapi?

#11 Kocha wa Alfajiri
Tuendelee na mada wakuu.

#12 Kiazi Kitamu
😂😂😂 Haya tuendelee. Mimi naomba kuongelea ratiba za chakula, maana mnapita juu juu. Nilipewa ratiba asubuhi mayai mawili na parachichi, mchana kidari cha kuku na brokoli, jioni samaki wa kuoka na lozi kumi. Lozi KUMI, zimehesabiwa. Brokoli sokoni Tandale mama mmoja aliniuliza ni dawa ya nini. Nikafanya wiki tatu, mshahara ukakata tarehe 17. Ratiba nyingi zinanakiliwa mtandaoni kwa watu wa huko, wakati dagaa, maharage, matembele, mchicha, bamia vipo hapa na ni bei ya kawaida. Mtu anaacha programu, watu wanasema hana nia, kumbe hana hela ya lozi.

#13 Binti Makorora
Afadhali wewe uliyekuwa unapika mwenyewe. Mimi nimeolewa kwenye nyumba ya watu tisa, kwetu Tanga tunakula sinia. Nikaanza kupika kachungu kangu pembeni, mama mkwe siku ya kwanza kimya, siku ya pili kimya, siku ya tatu akaniita, "mwanangu, chakula chetu kina nini?" Nikamweleza dayati. Akasema sawa. Jioni nikasikia anaongea na wifi jikoni eti nakwepa sinia kwa sababu nadhani wananiwekea kitu. Usiku uleule nikarudi kwenye sinia nikapiga wali wa nazi mpaka akafurahi. Programu ikaishia hapo, siku ya 4.

#14 Msukuma Halisi
Huku Mwanza ukikonda ni kesi. Dada yangu alipungua kilo 14 kwa jasho lake, anatembea kila asubuhi mpaka Capri Point na kurudi. Badala ya pongezi shangazi yetu akafunga safari kutoka Magu na bahasha, wamechangishana ukoo mzima hela ya matibabu. Mume wake nae akawa anaulizwa kazini "vipi nyumbani kuna shida?" Watu wananong'ona alishapima au hajapima. Mwisho dada akasema bora nirudi mwili wangu nipumzike na maswali. Amerudi, na bahasha hakuirudisha.

#15 Ustadh wa Bububu
Nacheka na hiyo bahasha. Huku Unguja sisi tuna programu ya kila mwaka inaitwa Ramadhani, na yenyewe tunafeli. Mchana hatuli, jioni uji wa pilipili manga, sambusa, katlesi, mihogo ya nazi, tambi za sukari, kisha daku juu yake. Mwezi ukiandama nguo ya Idi haifungi.

#16 Daktari wa Zamu
Njaa yenyewe pia isisahaulike. Ukipungua mwili unapambana kukurudisha. Kuna homoni inaitwa leptini, iligunduliwa 1994, inatengenezwa na mafuta yenyewe kuuambia ubongo akiba ipo. Mafuta yakipungua leptini inashuka, ubongo unapiga king'ora unataka chakula. Kuna jaribio maarufu lilifanyika Chuo Kikuu cha Minnesota Marekani 1944 mpaka 1945 chini ya Ancel Keys, vijana wa kiume 36 waliokataa kwenda vitani kwa imani zao walijitolea wakashushiwa chakula karibu nusu ya walichozoea kwa miezi 6. Hawakuwa wavivu hata kidogo, walijitolea wenyewe. Ila waliota chakula usiku, walilamba sahani, na baadhi wakaanza kukusanya vitabu vya mapishi wakati kabla ya hapo jikoni walikuwa hawaingii.

#17 Kiazi Kitamu
36? Kocha, watu wako walioondoka si ndio 36 😂 wamepatikana, wapo Minnesota.

#18 Mangi Mzito
Dokta hapo umenigusa. Mimi nikiwa kwenye dayati naangalia video za mapishi mpaka saa nane usiku, mke wangu akajua nina mchepuko maana nikimsikia anakuja nazima simu. Kuna siku akanipora, akakuta mtu anakaanga bagia.

#19 Mzalendo wa Ngozi
Hii ndio maana lile shindano la TV la Marekani, The Biggest Loser, washiriki WOTE walirudi kwenye unene wao. Mwili ukishazoea umezoea, msijisumbue.

#20 Daktari wa Zamu
@Mzalendo sio wote, tuweke sawa. Watafiti waliwafuatilia washiriki 14 wa msimu wa 2009, matokeo yakatoka 2016. 13 kati yao walirudisha kiasi fulani cha kilo, na wanne wakawa wazito kuliko walivyoanza, waliobaki bado walikuwa chini ya pale walipoanzia. Kilichoshtua ni kwamba hata baada ya miaka 6 miili yao ilikuwa inaunguza kama kalori 500 pungufu kwa siku kuliko inavyotegemewa kwa mtu wa ukubwa ule. Ni kama gari ambalo limepunguzwa silensa, unakanyaga mafuta linasita. Ila hawa walipungua kwa kasi ya ajabu kwa ajili ya kamera, usichukue kila kitu ukampachika mtu anayetembea Mbagala.

#21 Mzalendo wa Ngozi
Sawa dokta nimeelewa, asante. Na hizi sindano mpya, ile Ozempic ya kupunguza uzito, si ndio jibu basi?

#22 Daktari wa Zamu
Ozempic iliidhinishwa Marekani 2017 kwa ajili ya kisukari aina ya pili. Iliyoidhinishwa kwa uzito ni Wegovy, 2021, ni dawa ileile semaglutaidi kwa dozi tofauti. Inafanya kazi kweli, lakini kwenye utafiti mmoja watu walipoacha kuchoma, baada ya mwaka mmoja walikuwa wamerudisha kama theluthi mbili ya walichopunguza. Kwa hiyo ni ya kutumia muda mrefu, na bei mnaijua. Tafadhali msinunue kwa watu wa mtandaoni.

#23 Konda Mstaafu
Ya mtandaoni mke wangu alinunua chai, sio sindano. "Chai ya kuyeyusha tumbo." Tumbo liliyeyuka kweli, tulilala chooni kwa zamu maana na mimi nilionja.

#24 Daktari wa Zamu
Nyingi ni sanamaki, ile ya kuharisha. Unapunguza maji na mavi, mafuta yako palepale. Nyingine mbaya zaidi zinachanganywa sibutramini kwa siri, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani 2010 kwa sababu ya hatari ya moyo na kiharusi.

#25 Mkenya Jirani
Niaje majirani. Sisi huku Nairobi chama chetu tuliamua kufanya shindano, kila mtu anaweka elfu moja, baada ya miezi miwili aliyepoteza kilo nyingi anabeba yote. Tulikuwa 15. Wiki ya tatu jamaa mmoja alikuwa amepoteza kilo saba, anakimbia Karura kila asubuhi. Sisi wengine tukaona hakuna haja, pesa ishaenda. Kila mtu akarudi kwa chapo na madondo yake. Zawadi ndiyo iliua shindano. Mkiweka mshindi mmoja mnawaambia wengine kumi na nne waende nyumbani.

#26 Bi Harusi Mstaafu
Mimi naona mnawaonea hao 36, mnawaita walioshindwa. Mimi niliingia programu kama hiyo kwa sababu ya gauni. Harusi Septemba, nimelipa Julai, gauni limefunga, picha zimetoka safi, Jumatatu baada ya harusi nikatoka grupuni bila kuaga. Nilikuja kufanya kitu kimoja nikakimaliza. Kocha wangu hadi leo lazima ananihesabu mtoro. Kabla ya kusema watu wameacha muulize kila mtu alikuja kutafuta nini.

#27 Ustadh wa Bububu
Hoja nzito hii. Na gauni sasa hivi?

#28 Bi Harusi Mstaafu
Ustadh gauni lilikuwa la kukodi, tuheshimiane.

#29 Wa Namba 19
Nimefungua akaunti leo kwa sababu ya huu uzi. Mimi ni mmoja wa hao 36. Kocha utanijua kwa jina hili, kwenye orodha yako nilikuwa namba 19.
Wiki ya 5 nilifiwa na baba mdogo Kilwa. Siku nne msibani. Msibani huchagui, asubuhi chai na maandazi, mchana wali maharage, usiku wali na mchuzi, na ukikataa unaonekana unaringa kwenye matanga. Nimerudi Jumapili usiku, Jumatatu alfajiri nikapanda mizani. Imepanda kilo moja na pointi mbili. Nikaihamisha tofali lingine la sakafu nikidhani pale pameinama, ileile. Nikavua kanga, nikavua hereni, nikatoa hadi bangili ya mpira ya mwanangu niliyovaa mkononi. Ileile. Nikapiga picha nikatuma maana ndio utaratibu.
Dakika mbili nyingi kocha akaweka voisi, sekunde 41, nakumbuka mpaka leo, "namba 19 umetuangusha, wenzako wanajituma wewe unarudisha timu nyuma." Watu arobaini wamesikiliza, wengine wakaweka emoji ya kilio. Hakuna aliyejua nimetoka kuzika. Na mimi sikusema.
Jumatatu iliyofuata sikutuma. Ile iliyofuata nayo sikutuma. Ikafika mahali simu ikilia Jumatatu asubuhi tumbo linanikata hata kama ni mesej ya mtandao wa simu. Nikatoka grupuni saa mbili usiku, muda wa taarifa ya habari, nikijua watu wako kwenye TV hawataona.
Sio uvivu kocha. Natembea mpaka leo na jirani yangu jioni tukitoka kazini, tunapiga stori tunazunguka uwanja wa shule. Nina kilo ngapi sijui. Mizani mwanangu anapimia paka.

#30 Mangi Mzito
Daah.

#31 Binti Makorora
Pole sana dada kwa msiba. Kocha uko hapo?

#32 Kocha wa Alfajiri
Nipo. Namba 19 pole kwa msiba, sikujua, ningejua nisingetuma ile voisi. Nilikuwa nahamasisha tu, mimi mwenyewe nimefundishwa hivyo, mwalimu wangu alikuwa anatutukana na tulifika. Lakini pia niseme ukweli kuna watu zile voisi ziliwasaidia, wawili wameniambia.

#33 Kiazi Kitamu
Hao wawili wamo kwenye wale 7?

#34 Kocha wa Alfajiri
Mmoja yumo.

#35 Konda Mstaafu
Kocha na hao 7 ni akina nani? Tumekaa tunawachambua walioondoka, waliobaki hatujawauliza. Wanakaa wapi?

#36 Kocha wa Alfajiri
Mmoja ni mke wangu. Mmoja ni mdogo wake. Watatu wanakaa Oysterbay na Msasani wanakuja kwa miguu. Mmoja alikutwa na sukari na daktari amemtisha. Wa saba alilipa mwaka mzima.

#37 Konda Mstaafu
Sasa si umejijibu? Wanaokaa karibu na wanaolala na wewe.

#38 Msukuma Halisi
😂😂😂 nimemwaga chai

#39 Mzalendo wa Ngozi
Mimi sikubaliani na Konda. Kuna mtu anakaa karibu na jimu ukuta kwa ukuta na haendi. Jirani yangu anasikia muziki wa erobiki akiwa kitandani. Nia ndio kila kitu, kocha alikuwa sahihi #1.

#40 Daktari wa Zamu
Nia gani iliyomtisha yule mwenye sukari? Yeye ana daktari anayempima, ana sababu inayomuuma mwilini. Halafu niongeze, kuna kundi halijatajwa hapa. Wanawake wanaotumia sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, baadhi yao wanaongezeka uzito, sio wote. Wapo wenye tatizo la homoni na vifuko kwenye ovari, wapo wa tezi ya shingo. Mtu kama huyu anafuata ratiba ileile na mwenzake, mwenzake anashuka yeye amebaki, anaambiwa anakula kwa siri. Akiondoka ana haki. Ila usiache sindano kienyeji, nenda kliniki ubadilishiwe njia, la sivyo utarudi kwenye uzi mwingine wa kulea.

#41 Kiazi Kitamu
Dokta hapo kwenye kuambiwa unakula kwa siri asante sana, niliwahi kupekuliwa pochi na mwalimu wa jimu. Alikuta karanga.

#42 Ustadh wa Bububu
Za kuhesabu au za kawaida?

#43 Kiazi Kitamu
Za kawaida Ustadh, za mia mbili.

#44 Mkenya Jirani
Kuna kitu nimeona hakuna amesema. Wanawake huku wakikimbia barabarani boda wanawapigia kelele njia yote, "madam punguza pole pole". Mke wangu alifanya siku mbili tu. Na ukingoja giza liingie ndio usionekane, basi usalama nao hakuna.

#45 Bi Harusi Mstaafu
Hapa kwetu pia. "Mama mwili wote huo unaupeleka wapi." Na ukivaa dera juu ya suruali ili usisemwe unapikwa na joto ukiwa hai. Ndio maana wengi wanarukia magrupu ya wasap ya ndani ndani, halafu kule nako unakutana na voisi.

#46 Kocha wa Alfajiri
Nimewasikia wakuu. Awamu ijayo picha za mizani zinakuja kwangu inbox sio grupuni. Ratiba ya chakula nitaangalia upya, lozi natoa. Ila naomba na nyie mkubali kuna wavivu, mimi nawajua kwa majina.

#47 Mangi Mzito
Tunakubali, mimi hapa. Jumamosi nakuja bure kuangalia tu, nikifika katikati ya daraja nimechoka nirudishwe na nini?

#48 Kocha wa Alfajiri
Daraja ni kama kilomita moja tu mkuu.

#49 Mangi Mzito
Kilomita moja KWENDA. Kuna kurudi.

#50 Binti Makorora
Namba 19 hajasema kitu muhimu, paka ana kilo ngapi?

#51 Wa Namba 19
Nne na nusu. Wiki iliyopita alikuwa nne.

#52 Kiazi Kitamu
Kocha hebu mtumie voisi.